Vitabu Vyangu, Wakfu Wako

Mpendwa Baba Zaituni,

Hilo neno mpendwa limetoka kwa mazoea ya miaka ishirini na minane, na sina nguvu ya kulifuta. Lichukue, lakini usilitegemee sana. Nina hasira nawe. Nilimwomba Mungu aniondolee, nikangoja, haikuondoka, basi nimeona niiandike. Na naiandika hadharani, apendaye asome, kwa sababu wewe ulinisema barazani mbele za watu, hukunisema chumbani.

Wakumbuka zile alasiri zetu za Mtongwe? Wewe na walimu wenzako mko nje na kahawa yenu, mimi niko ndani kwenye cherehani, dirisha liko wazi, kitabu nimekisimamisha nyuma ya gurudumu huku miguu yapiga pedeli. Ukiona cherehani imenyamaza wajua nimefika pahala patamu. Hapo ndipo ulipokuwa ukipaza sauti: "Mama Zaituni! Leo nani yuwalia?" Wenzako wakacheka. Kisha ukawaeleza, kana kwamba mimi sisikii, kwamba mkeo ana vitabu vyake vya masufuria, vyote vimeandikwa na wanawake, vyote vyaanzia jikoni na kuishia matangani. Nami nilicheka pamoja nanyi, kutoka huku ndani. Ningekuwa na uwezo wa kurudisha kitu kimoja tu katika maisha yangu, ningekirudisha kile kicheko.

Vitabu vya masufuria! Mmoja wa waandishi wangu alinieleza namna mke anavyoweza kukaa na mume nyumba moja mwaka mzima wasisemezane ila kuhusu chumvi. Mwingine aliandika juu ya mkunga aliyechoka kuambiwa ana mkono mzuri, akataka kuambiwa ana akili. Nilikisoma kile kitabu huku nikishona gauni la bi harusi, nikashona mkono wa kushoto juu chini, ikanibidi nifumue. Kwako mwandishi alikuwa mwanamume mwenye vita na wafalme. Vyako nilivijaribu, wallahi nilijaribu. Nilisinzia. Nikadhani ubongo wangu ndio mdogo.

Na lile la majina nalo twalikumbuka sawa, au kila mtu na lake? Tulikuwa hatujamaliza mwaka katika ndoa. Mwenzako mmoja alikiokota kitabu changu mkekani akauliza ni cha nani. Nilikuwa nimebeba sinia mlangoni. Ukajibu haraka, "Ah, mwanafunzi mmoja amekisahau." Walipoondoka ulinitazama ukaona kwamba nimesikia. Kesho yake ukanijia na wazo. Vitabu vya nyumba hii vyapotea, watu waazima hawarudishi, basi mimi mwenye mwandiko mzuri niandike jina lako ndani ya kila kitabu. Nikauliza, "Na vyangu?" Ukasema, "Vyote. Jina langu larudisha vitabu, Rukia. Lako nani alijua?"

Nikaandika. *Mali ya Mwalimu Athumani, Mtongwe.* Ndani ya vyako na ndani ya vyangu, vile nilivyovinunua kwa pesa za cherehani, kimoja kimoja, kwa wauzaji wa mitumba wa kule ng'ambo mjini. Kila nilipomaliza kusoma nilikisukuma nyuma ya vitabu vyako, rafu ya chini kabisa, na sikukirudia. Niliogopa kukutwa nacho mara ya pili. Mara ya kwanza mtu aweza kusema alikuwa akipitisha wakati.

Kisha ukafariki. Sitaandika habari za siku ile.

Nilikuwa ndani ya eda, sijafika hata siku ya ishirini, ndugu yako Hamadi alipokuja akasimama nyuma ya pazia. "Shemeji, vitabu vya kaka twaona tuvitoe wakfu, viende madrasa kule Bofu. Kila atakayesoma, thawabu zimfikie marehemu." Nikasikia maboksi yaburutwa. Nikasikia rafu ya juu, ya kati, na ile ya chini. Ilikuwa nitoe sauti tu, niseme, hivyo vya nyuma niachieni, ni vyangu. Badala yake nikasema, "Inshallah, shemeji." Nilisema hivyo kwa kuwa nyumba imejaa watu wa msiba, na akilini nilimwona wifi yangu akigeuza kurasa na kuniuliza mjane wa mwalimu asoma mambo ya aina gani.

Miezi minne na siku kumi nilikaa ndani. Walinipa uradi na msahafu, nikavishukuru, nikavisoma, moyo ukatulia. Lakini kuna saa za mchana mtu hataki kutulizwa. Ataka mwanamke mwenziwe amwambie, hata mimi nilimkasirikia maiti. Waandishi wangu wangeniambia. Walikuwa Bofu, wanamtafutia thawabu mtu aliyewacheka.

Nilipotoka eda, pahala pa kwanza nilipokwenda baada ya kaburi lako ni pale madrasa, mimi na Zaituni. Mtoto wako njia nzima aliniuliza swali moja. "Lakini mama, mbona hukusema?" Nikamwambia anyamaze. Nilimkaripia bure, nawe ndiwe uliyestahili.

Ustadh wa pale alisoma kwako darasa la sita. "Shikamoo mama. Mola amlaze mwalimu pema." Akatuonyesha kabati la vioo, karatasi imebandikwa juu: Wakfu wa Marehemu Mwalimu Athumani. Nikatazama. Kamusi zako zote zipo, na historia zako, na wafalme wako wamepangwa kwa urefu. Changu hata kimoja.

"Na vingine?" nikamuuliza.

Akatazama chini. "Mama, hivyo tuliviweka kando."

"Kando wapi?"

"Ofisini, nimevifungia. Wallahi mama, hakuna aliyeviona ila mimi. Nilifungua kimoja nikakuta... mambo ya chumbani, mume na mke. Nikasema, hapana, aibu ya maiti yafunikwa. Tumemsitiri mwalimu."

Umesikia, Baba Zaituni? Kijana wa watu alitembea na ufunguo mfukoni miezi mitatu na zaidi akilinda heshima yako isiguswe na vitabu vyangu. Aliona haya kwa niaba yako, na mimi niliyesimama mbele yake alinionea huruma, maskini mke asiyejua mumewe alikuwa akisoma nini.

Ningeweza kunyamaza tena. Nilikuwa na njia, tena nyeupe. Ningeaga, ningerudi nyumbani, wewe ungebaki na siri isiyo yako na mimi ningebaki mjane mtukufu. Zaituni alikuwa ananitazama.

"Si vyake," nikasema. "Vyangu mimi. Nimevinunua mimi, nimevisoma mimi, vyote."

"Lakini mama, vina jina lake."

"Jina lake, mwandiko wangu. Nipe kalamu."

Akanipa daftari la mahudhurio, nikageuza ukurasa wa nyuma nikaandika jina lako kwa mara ya mwisho. Mali ya Mwalimu Athumani, Mtongwe. Akalileta boksi, akatoa kitabu kimoja, akakiweka ubavuni, akatazama hapa, akatazama pale. "Subhanallah," akasema. Kisha akasema, taratibu, kwamba wakfu wa mtu hautolewi kwa mali ya mwenziwe, kwa hiyo wakfu huo haukuwa wakfu, nivichukue. Yangekwisha pale ningekusamehe, naamini.

Lakini alikuwa mwanafunzi wako. Aliposhika kitabu cha pili akakifungua mwishoni, akasita. "Mama, usinifiche. Na hii kalamu nyekundu nayo ni ya nani?"

Mtongwe nzima yaijua kalamu yako nyekundu. Ulisahihisha kadi za harusi. Ulisahihisha tangazo la maji mlangoni kwa msikiti. Alama yako ya vyema, ile ya jibu sahihi, ilikuwa na mkia mrefu uliojikunja mwishoni, na waliosoma kwako hadi leo husimulia nani aliipata na mara ngapi, maana hukuitoa ovyo. Ilikuwa pale. Chini ya mstari wa mwisho wa kitabu cha mkunga, vyema, na mkia wake. Nikafungua kingine. Nikafungua vyote, juu ya meza ya ustadh. Vitabu ishirini na tatu, na kumi na tisa umevimaliza. Katika kile cha mume na mke na chumvi, mwandishi amesema kwamba mwanamume hudharau kwa sauti kile anachokiogopa kwa siri. Umepiga mstari chini yake, na pembeni umeandika, kwa nyekundu, neno moja: *Kweli.*

Zaituni alilia kwa furaha. "Mama, kumbe baba alikuwa akisoma vyako!" Kila niliyemsimulia amenitaka nifurahi. Wasema, ona, alikupenda, alikufuata mpaka kwenye vitabu. Mimi nilitaka kukurushia kimoja usoni.

Ulivisoma lini? Nilipokwenda kwa mamangu Jomvu Kuu? Nilipokuwa sokoni? Uliketi kwenye kiti changu, ukapata utamu ule ule, kisha ukavirudisha nyuma ya rafu sawasawa nisijue, ukatoka nje kuuliza leo nani yuwalia. Nani alikuwa akilia, Mwalimu? Miaka yote ile nilikuwa nahitaji mtu mmoja tu wa kumwambia, hebu sikia hapa alivyosema huyu mwanamke. Sikumpata. Nilizungumza na nguo za watu. Naye mtu huyo alikuwa amelala ubavuni mwangu, anajua mwisho wa kila hadithi yangu, amefunga mdomo. Waandishi wangu uliwapa alama. Mimi niliyewaleta nyumbani ulinipa kicheko cha walimu sita.

Hamadi amekasirika. Asema nimemwaibisha kaka yake kwa kuvunja wakfu. Nimemwambia aje, nitampa kitabu asome. Hajaja.

Siku hizi naketi barazani, pahala pako pale, alasiri, jalada limetazama njia. Wapitao huuliza, "Bi Rukia, wasoma nini?" Nami nawaambia jina la mwandishi, kwa sauti. Majirani wawili wameanza kuazima. Hurudisha.

Kalamu yako nyekundu niliikuta kwenye droo ya cherehani, chini ya bobini zangu, pahala ambapo hukuwa na kazi napo. Nimeitumia. Nimekata jina lako mara ishirini na tatu, na chini yake nimeandika langu. Lile neno lako moja sikulikata. Litakaa pale kunishuhudia.

Dua zangu unazo, kila baada ya sala. Ijumaa nakusomea Yasini, wala sitaacha, na machozi pia nimekulilia, yale ya kweli, hukuwepo kuyacheka. Lakini thawabu za vitabu hivi, kama ulikuwa ukizingoja huko, usizingoje. Ulipokuwa hai nilikuachia jina. Hizi ni zangu.

Lala salama, Mwalimu.

Mkeo,
Rukia, mwenye vitabu