Jeneza Lililokwenda Moja kwa Moja

Limbé, Oktoba 1802

Kwa dada yangu mpenzi Felisite,

Nakusalimu kwa mikono miwili, nikitumai barua hii itakukuta mzima huko Santiago, wewe na mwanao, na kile kikohozi cha mvua kimekuachia. Sisi tungali hai. Kitambaa cheusi ulichotuma kwa msiba wa Mama kilifika. Aliyekuletea barua hii ni mtu wetu. Ukimaliza kuisoma ichome.

Ulisikia kwamba askari wa Ufaransa wanapita kisiwani kwetu shamba kwa shamba wakikusanya bunduki. Mwanzoni walisema ni kwa ajili ya amani, na wengine tuliwaamini. Kisha mabaharia wakatuambia kwamba kule Guadelupe, kisiwa kingine cha Wafaransa hao hao, watu wanarudishwa utumwani. Tangu siku hiyo hatukula tukashiba. Shambani kwetu tulikuwa na bunduki kumi na moja, na kapteni wao alikuwa ameshafika kwa majirani.

Uliniuliza habari za ndugu yetu Atanaz nikakujibu kwa mkato. Alikuwa koplo wao, dada. Alipokuja kumwamkia Mama na koti lake la bluu, Mama alimfungia mlango, na mimi nikamwambia mbele za watu kwamba kapteni ana mbwa wa kutosha, sisi hatukumpa ruhusa achukue na wa ukoo wetu. Alicheka tu, akasema nimenenepa.

Siku ya mazishi kapteni alitukuta njiani, na Atanaz nyuma yake, macho yamemvimba kwa kilio. Wachukuzi tulikuwa sita, mimi mbele kushoto. Unajua tunavyombeba maiti: kulia, kushoto, tunazunguka, tunarudi nyuma, mpaka apotee njia asije akarudi nyumbani. Mimi kwa woga nilisahau yote. Nilikwenda moja kwa moja, na wenzangu wakanifuata. Kapteni hakuona ajabu, angejuaje? Lakini Atanaz alitazama miguu yangu, kisha jeneza, kisha uso wangu. Akajua.

Kapteni akaamuru kifuniko kifunguliwe. Atanaz akajitupa kwenye tope mbele yetu, akilia kwa sauti, akimwomba asimwanike mama yake juani. Kapteni akasita, akavua kofia, akatupisha. Atanaz alipoinuka alinipitia karibu, akaninong'oneza sikioni. "We Valsen, mzungushe Mama, mjinga we! Unataka arudi?"

Dada, Mama hakufa. Yuko mlimani, anawapikia wapiganaji na kumgombeza kila mtu. Jenezani zilikuwamo bunduki, na usiku ule tulizifukua tukazipandisha kwa wapiganaji. Nisamehe machozi uliyomlilia.

Milio yake iliposikika mlimani, kapteni alifukua kaburi akakuta shimo tupu, akakumbuka nani aliyetuombea njia. Nasikia Atanaz alipoulizwa alijibu kwamba yeye alimzika mama yake, hana la kuongeza. Walimpiga risasi Jumamosi, kando ya mto. Kosa lilikuwa langu, akalilipa yeye. Mama hajui. Bado akisikia jina lake anatema mate, na kila nikipanda kumpelekea muhogo nataka kumwambia, nashindwa. Niambie wewe nianzeje.

Walituachia mwili wake tuuzike. Kile kitambaa chako ndicho tulichomfunika. Nilibeba tena mbele kushoto, na wenzangu walipotaka kuzunguka niliwakataza. Tulimpeleka moja kwa moja, kutoka mlango ule ule aliofungiwa mpaka kaburini, ili akitaka kurudi nyumbani asipotee.

Mbusu mwanao kwa niaba yetu. Majirani wote wanakukumbuka, nami nakushika mkono kwa mbali.

Ni mimi mdogo wako,
Valsen