Nyimbo Tano za Mwisho

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Najua huwezi kuitikia, lakini mdomo wangu umezoea, na sijui namna nyingine ya kuanza kuongea na wewe.

Nakuandikia nikiwa nyumbani kwako Ipagala, kwenye meza ile ile uliyokuwa ukiandikia nyimbo zako. Mama yuko uani. Ninalotaka kulisema ulilijua wewe, alilijua Mzee Lameck, na nililijua mimi. Tulidhani tukilijua watatu tu, basi litakaa kimya. Halikukaa. Limeniganda mwilini kama shati la mtu mwingine lisilovulika.

Unakumbuka mwaka ule mlipoamua kurudi studio? Bendi yenu ya Mizabibu Jazz mlikuwa mmenyamaza muda mrefu sana. Mpiga saksafoni amekwenda, wapiga tarumbeta wote wawili wamekwenda, mmebaki wewe na sauti yako, Mzee Lameck na gitaa lake la solo, na vijana wa kukodi. Mama alikuwa kijijini Mvumi akivuna uwele. Kila siku baada ya chai ulivaa koti lako la kahawia ukaenda kwenye kile chumba kilichozibwa kuta kwa magodoro, ukarudi jioni ukinung'unika kwamba vijana wa siku hizi wanapiga ngoma kama wanakimbizwa. Lakini ulikuwa na furaha. Nilikusikia ukiimba bafuni.

Albamu mliiita Mavuno ya Pili, kwa sababu mzabibu wa Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka. Ilikuwa iwe na nyimbo nane. Ukarekodi tatu. Asubuhi ya kurekodi wa nne ukaanguka mlangoni, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi.

Kiharusi kilichukua upande wako wa kulia na kikaukalia ulimi. Mama alirudi kutoka kijijini siku iyo hiyo. Ulipotoka hospitali ulikuwa na sauti, ila maneno yalikuwa hayatoki. Wewe, ambaye mashabiki walikupa jina la Kinanda.

Wiki chache baadaye Mzee Lameck alikuja, akakaa karibu na kitanda chako.

"Kinanda," alikuambia, "tuziache hizi tano zilizobaki?"

Ukatikisa kichwa kukataa. Kisha ukainua mkono wako wa kushoto, ukaninyooshea mimi kidole.

Sikushangaa sana. Tangu nivunje sauti, nikipokea simu yako watu walikuwa wananiamkia shikamoo wakidhani ni wewe. Kwenye kwaya ya kanisani waliniita Kinanda Mdogo. Nikajiambia ni jambo la mtoto kumsaidia baba yake, kama kumsukumia baiskeli mlimani.

Mama tulimwambia tunakupeleka mazoezi ya viungo. Na kweli tulikupeleka, ila tulikuwa tunapitia studio kwanza. Ulikaa kwenye kiti cha plastiki, daftari lako la maneno likiwa pajani mwangu, mkono wako wa kushoto ukigonga paja kufuata mdundo. Nikikosea uliinua kidole, nikaanza upya. Siku tuliyomaliza, Mzee Lameck alisema, "Kwenye jalada tunaweka jina la Kinanda peke yake. Mashabiki wamesubiri miaka yote hii. Tukiwaambia ameimba mwanawe, watasema bendi imekufa tunazunguka na jeneza."

Nikakugeukia. Ulitoa sauti fulani, fupi. Baba, mpaka leo sijui kama ulisema "ndiyo" au ulikohoa. Mzee Lameck alisema umekubali. Nami nikataka iwe umekubali, kwa hiyo ikawa.

Albamu ilipotoka, wapenzi wenu walifufuka. Kila Jumapili mchana walijaa pale baa kwa Mama Neema, nyuma ya nyumba yetu, wengine wakitoka mbali, na kwenye grupu la simu ubishi haukuisha wiki nzima. Siku moja na mimi nilikwenda. Nilitaka, nakiri, kusikia watu wakisema kitu.

"Hii ni albamu ya kustaafu," alisema mmoja. "Tarumbeta za kompyuta! Zamani tarumbeta ikilia, mtu anatapika huzuni yake yote."

"Wewe unataka wafufue wafu wapulize?" alimjibu Dada Rehema, yule mama wa ofisi za Bunge aliyekuwa akikufuata tangu akiwa msichana. "Sikilizeni Lameck anavyolia na gitaa. Na Kinanda! Kuanzia wimbo wa nne sauti imechangamka kama ana miaka thelathini. Hii ndiyo kazi yao bora kuliko zote."

Hapo Mwalimu Jumanne akaweka soda yake mezani. Unamkumbuka vizuri, Mwalimu mstaafu wa Ihumwa mwenye kofia ya kufuma, aliyekuwa anajua mpaka mwaka mliobadilisha mpiga besi. Alizungumza taratibu.

"Nyimbo tatu za kwanza zimeimbwa na mtu anayeaga. Tano za mwisho zimeimbwa na mtu anayemwiga huyo anayeaga. Si yeye."

Walimvamia. Wivu! Masikio yamezeeka! Kelele zikawa nyingi, mpaka Dada Rehema akanigeukia. "Mwanawe si huyu hapa? Sema wewe, tumalize ubishi."

Wote wakanikazia macho. Mwalimu naye akaniangalia, bila ukali wowote. Nilikuwa na nafasi ya kusema. Nilikuwa nayo kama dakika nzima.

Nikasema, "Ni baba."

Walishangilia kama timu imefunga bao. Mwalimu Jumanne alivua kofia yake, akaikunja, akasema, "Kama mwanawe amesema, basi." Akaondoka, soda imebaki nusu. Hakurudi tena.

Nilikuja moja kwa moja chumbani kwako nikakuambia, "Nimewaambia ni wewe." Ukanitazama muda mrefu. Jicho lako moja likatoa chozi. Nikalifuta kwa kidole, nikatoka, na sikuthubutu kukuuliza lilikuwa chozi la nini. Ungenijibuje?

Ulifariki mvua za kwanza zilipoanza. Msibani walifunga spika mbili uani na wakapiga wimbo wa saba, "Maji ya Kuoga". Ule uliomwandikia Mama, wa kumshukuru kwa maji ya moto aliyokutengea kila alfajiri uliporudi kutoka jukwaani, bila kukuuliza ulikuwa na nani. Watu walilia. Mimi nilisimama kando ya jeneza lako nikisikia sauti yangu ikikuzika, na watu wananishika bega wakisema, "Pole, tutaimiss sauti hiyo." Sikuweza kulia, Baba. Nilikuwa nahesabu mahali nilipokosea ubeti wa pili.

Tangu siku hiyo nimebanwa pande zote. Kwaya niliiacha. Nikiinua sauti kanisani mtu atanisikia na kugeuka. Mwanakwaya mwenzangu alipokuja nyumbani kuuliza, nilimwambia nina tatizo la koo, na tangu hapo hata nikiwa na mafua nakohoa kwa aibu. Mwanangu mdogo akilia naogopa kumwimbia, namtikisa kimya kimya kama gunia. Kazini kwetu Mtumba, pale masjala, mwenzangu wa meza ya pili anaupiga wimbo wa tano tangu saa mbili mpaka saa sita, akisema sauti kama hizo hazizaliwi tena. Nasimama na mafaili mikononi sijui niyaweke wapi.

Na kuna kitu kibaya zaidi, sijawahi kumwambia mtu. Ninakuonea wivu. Wakiisifu sauti ile, wanakusifu wewe. Wakiiponda, wananiponda mimi. Mtu akiandika kwenye grupu kwamba nyimbo tano za mwisho zimepooza, nakosa hamu ya kula. Akiandika kwamba ni za mbinguni, nakosa hamu vile vile.

Lakini yote hayo ningeyabeba kama si Mama. Kila asubuhi alikuwa akiweka sufuria jikoni, anakaa kwenye kigoda, anaupiga wimbo wa saba kwenye simu yake. Aliamini uliurekodi yeye akiwa shambani, kabla hujaanguka. Kila mgeni aliyekuja kutoka Mvumi, wakishamaliza salamu zao za Kigogo, "mbukwa, mbukwa", alimwambia, "Ugonjwa ulimfunga ulimi, lakini alikuwa ameshaniaga. Sikiliza." Nami nilikuwa napita na kikombe changu cha chai. Kusema ukweli kulikuwa kumnyang'anya neno lako la mwisho. Kunyamaza kulikuwa kumdanganya kila siku, asubuhi, kabla sijanawa uso.

Mwezi uliopita Dada Rehema alinipigia. Wapenzi wanafanya kumbukumbu yako, Jumapili hii inayokuja, pale pale kwa Mama Neema. "Tunataka wewe utusimulie jinsi mzee alivyorekodi zile tano za mwisho. Watu wamechoka kubishana, wanataka historia." Nikasema sawa. Nilipokata simu nilikaa sakafuni.

Nilimwendea Mzee Lameck kwanza. Aliniambia, "Ukisema, umemuua mara ya pili, na mimi umenizika nikiwa hai." Hakunikaribisha hata maji.

Ndipo nikaenda Ihumwa kumtafuta Mwalimu Jumanne. Nilimkuta akiwamwagia kuku pumba. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akaniletea kiti. Nikamwambia nimekuja kuomba radhi, kwamba siku ile nilidanganya na yeye alikuwa sahihi.

"Najua," alisema.

"Umejuaje, Mwalimu?"

"Uliposema 'Ni baba'. Mpaka hapo nilikuwa najua kwamba siye, nilikuwa sijui ni nani. Ukafungua mdomo, nikakusikia."

Nikamuuliza kwa nini hakusema pale pale, mbele ya wale waliomzomea.

"Nikuvue nguo mbele za watu kwa sababu ya ubishi wa santuri?" Alikung'uta mikono. "Nimeacha kuja kwa sababu ningerudi wangeniuliza tena, na mara ya pili nisingeweza kunyamaza. Kijana wangu, zile nyimbo si mbaya. Wa nane ni mzuri sana. Ubaya wake ni kwamba mwimbaji anajificha. Mtu anayejificha haimbi mpaka mwisho wa pumzi yake."

"Na mama yangu?"

"Hilo si la mashabiki. Anza na yeye."

Nilianza na yeye, Baba. Jumamosi iliyopita, akichagua mchele. Nilimweleza yote, kiti cha plastiki, kidole chako, mazoezi ya viungo. Hakunikatiza. Nilipomaliza aliendelea kuchagua mchele mpaka ungo ukaisha, akainuka, akaingia chumbani kwenu akafunga mlango.

Siku mbili hakunisemesha. Aliongea na mke wangu, aliongea na wajukuu, mimi alinipita kama nguzo. Asubuhi simu yake ilikuwa kimya. Sufuria ikichemka peke yake, nikauona huo ukimya niliokuwa nauogopa, na nikaona nimeuleta mwenyewe. Nilijuta. Nilijiambia Mzee Lameck alikuwa na haki, kwamba kuna uongo mtu anapaswa kufa nao.

Siku ya tatu aliniita jikoni. Alikuwa kwenye kigoda, macho yamevimba.

"Maneno ni ya nani?" aliniuliza.

"Ni ya baba. Yote. Daftari ninalo."

"Lilete."

Nikalileta. Mama hasomi haraka, unamjua. Alipitisha kidole chini ya mwandiko wako, mstari kwa mstari, midomo ikicheza. Alipofika mwisho alilifunga akaliweka mapajani.

"Alikuwepo ulipoimba?"

"Alikuwepo. Alikuwa ananirekebisha."

"Basi imba hapa. Nikuone."

Nilisimama karibu na mlango wa jikoni, mtu mzima mwenye watoto wawili, nimevaa nguo za kazini, nikaimba wimbo wa baba yangu kwa mke wake. Ilikuwa mara ya kwanza kuimba kwa sauti tangu tukuzike. Ubeti wa kwanza ulikwaruza. Wa pili niliufikia nikakatika katikati, nikavuta hewa, nikaendelea.

Mama akainua mkono.

"Hapo baba yako asingepumzika," alisema. "Angeshikilia mpaka kwenye neno 'alfajiri'. Rudia."

Nikarudia.

Sijui Jumapili itakuwaje. Barua hii nitaisoma mbele yao yote, na labda watanizomea mimi kama walivyomzomea Mwalimu. Mzee Lameck hapokei simu zangu. Labda na wewe kule uliko umenikasirikia. Kama ile sauti fupi pale studio ilikuwa "ndiyo", basi nimevunja ahadi yako, unisamehe. Kama ulikuwa unakohoa tu, unisamehe pia, kwa kuwa nilijua kuna uwezekano huo na sikusubiri upate nafuu nikuulize.

Pumzika, Baba. Tatu ni zako. Tano ni zetu sote wawili.

Mwanao.