Hudson ya Baba, Pontiac ya Jadzia

Hamtramck, Michigan
Februari 12, 1991

Mwanangu Jadzia,

Salamu nyingi. Mimi mzima, ukiacha magoti. Leo ni siku ya paczki, maandazi yetu ya mwisho kabla ya Kwaresima. Nimekula yangu na ya kwako.

Nasikia umenunua gari, Pontiac ya mwaka 1966. Mtoto niliyemlea ndani ya Hudson! Yangu ya 1951 ina silinda sita zilizopangwa mstari mmoja kama waumini. Yako ina nane, kambi mbili zinazozozana. Inakimbia, sikatai. Hata ng'ombe aliyeumwa na nyuki hukimbia. Kutulia barabarani je? Hudson sakafu yake iko chini. Unashuka ndani kama unaingia nyumbani, na kwenye kona imetulia. Hiyo yako ni injini iliyotafutiwa sanduku.

Kuhusu mimi kuhamia huko kwako, kama unavyonisihi: banda lako linaingiza gari moja. Hudson ilale wapi, juani? Jibu ni hapana.

Baba yako

Tucson, Arizona
Februari 20

Baba, shikamoo.

Pole na magoti. Hukuniambia kwamba ulianguka kwenye barafu. Nimeambiwa na Bi. Pruska, jirani yako. Ndiyo maana nakutaka hapa.

Kiwanda chenu cha Hudson kilifungwa nikiwa bado nanyonya kidole, na mpaka leo vipuri unavitafuta kama mfukua makaburi. Pontiac yangu fundi yeyote anaijua. Kiti kiko juu, unaingia na kutoka bila kujikunja. Na inanguruma, Baba. Yako inakohoa kwa heshima.

Nani atakuokota baridi ijayo?

Mwanao

Tucson
Machi 18

Baba, shikamoo.

Hujajibu, na simu hupokei. Bi. Pruska anasema u mzima ila umenuna. Kwa lile neno la kukohoa, naomba radhi. Kidogo. Nijibu, hata kwa matusi.

Mwanao

Hamtramck
Aprili 2

Mwanangu,

Salamu. Sijanuna, nimeona aibu.

Jumapili moja nilishuka ndani ya Hudson niende kanisani. Kwa ile baridi injini ikakataa kuwaka. Nikataka kutoka, magoti yakagoma. Nikakaa humo kama dagaa kwenye mkebe mpaka misa ikaisha, Pruska akaja kuuliza kwa nini sikuonekana. Akanivuta kwa mikono miwili.

"Casimir," akasema, "hili si gari, ni shimo."

Nikamwambia afunge mdomo, kisha nikamshukuru. Sifa niliyoihubiri miaka yote ndiyo iliyonifunga.

Nafikiri niiuze. Nikishaiuza sitakuwa na sababu ya kukataa kuja kwako, wala hamu ya kuja.

Baba yako

Tucson
Aprili 9

Baba, shikamoo.

Usiuze. Pontiac nimeitoa nje, nimeifunika turubai, banda nimelifagia. Jua litaibabua rangi na wewe utachekelea, najua.

Mwezi Mei nakuja kwa ndege. Hudson tutaileta huku kwa barabara, mimi na wewe, tukibishana njia nzima. Kuingia ni kazi yako. Kutoka ni kazi yangu, mikono ninayo.

Mwanao

Hamtramck
Aprili 16

Mwanangu,

Salamu. Njoo. Oili nimeshabadilisha, na Pruska nimempa sufuria zote.

Ila Texas, kwenye barabara ndefu zilizonyooka, naendesha mimi.

Baba yako