Shikamoo kwa Kipaza Sauti

Shelui,
Jumanne.

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta umeshatoka shambani na umekaa chini kidogo. Goti la bibi linaendeleaje? Na yule ndama aliyekuwa hataki kunyonya, amepona? Mimi hapa kwa mama mdogo ni mzima, nakula vizuri na mafua yameisha. Nimeandika kwa sababu kwenye simu huwa nasema "ndiyo mama" na "hapana mama" mpaka salio linaisha, na habari zote zinabaki tumboni.

Kazi nilipata, ila ya majaribio. Ni kwa Baba Zuwena, jirani wa mama mdogo, mwenye ukumbi na spika za kukodisha. Mwisho wa wiki hii ana maonyesho matatu ya muziki. Jumamosi asubuhi ni ya watoto wa shule za msingi, na kwaya zao na ngoma. Jioni ni ya vijana, wanakuja wasanii wa singeli kutoka Singida mjini. Jumapili alasiri ni ya wazee: zeze na ngoma za asili, kisha kwaya ya kanisani na vijana wa kaswida, wote jukwaa moja. Hiyo ya wazee ndiyo inamnyima raha. Mara iliyopita viti vilibaki vitupu, wazee wakisema ukumbi ule ni wa wahuni. Safari hii wasipokuja, ataiacha kabisa.

Mtangazaji wake ameolewa Nzega, hivyo mama mdogo akanipendekeza mimi. Mimi, Mama, ambaye darasani nilikuwa nainama mwalimu akiuliza swali! Baba Zuwena akasema nikitangaza vizuri nitabaki. Nisipoweza, nirudi nyumbani Mungaa. Akaniandikia na maneno ya kusema. Yalianza hivi: "Oyaa wana Shelui, mambo vipi?" Nikayakariri nikiosha vyombo mpaka watoto wa mama mdogo nao wakayajua.

Jana nikatoka na Kaka Saidi, dereva wa gari la matangazo. Tulianzia kwenye mashine ya kukamua alizeti, ambako wazee hukaa kwenye gogo wakisubiri mafuta yao. Saidi akazima wimbo kabla hatujafika, akaliingiza gari polepole, akasimama na kunipa kipaza sauti. Nikawatazama. Wamevaa makoti, wameshika fimbo, mmoja anafanana na marehemu babu kabisa. Ningewaambiaje "mambo vipi"? Mdomo ulikataa. Nikasema, "Shikamooni." Kisha nikanyamaza nikisubiri waitikie, maana ulitufundisha si adabu kuendelea kuongea kabla mkubwa hajaitikia.

Saidi akadhani waya umekatika, akaanza kuuvuta. Akina mama waliokuwa wakipepeta alizeti wakaweka nyungo chini. Mwenye mashine akazima injini. Hapo ndipo nilipoelewa: gari likija polepole bila muziki, likasalimia kwa heshima, huwa linatangaza msiba.

Yule mzee anayefanana na babu akasimama. "Marahaba, mwanangu. Nani ametutoka?"

"Hakuna, babu," nikasema, na spika zikapeleka sauti yangu mpaka kwenye malori kule barabarani. "Ni muziki."

Walicheka mpaka wengine wakafuta macho. Mzee mmoja Msukuma akaniuliza mimi ni mtoto wa wapi. Nikamjibu ni Mnyaturu wa Mungaa. Akanitania, "Ndiyo maana. Msukuma angekuwa ameshamaliza wimbo wa pili." Basi kwa kuwa mashine imezimwa na watu wote wamekusanyika, nikawaeleza onyesho lao taratibu, bila karatasi. Yule aliyeitikia akauliza kama kuna viti vya kuegemea, na kama litaisha kabla ya magharibi awahi swala. Nikamwambia nitauliza.

Tuliporudi, Baba Zuwena alikuwa mlangoni amekunja uso. Watu walikuwa wameshampigia simu kumpa pole. Akaniuliza nimemzika nani. Saidi alijaribu kunitetea akaambiwa anyamaze. Nikajiona nimeshabeba begi niko kituoni. Tukiwa bado pale, yule mzee akafika na wenzake, wanataka kuonyeshwa viti. Baba Zuwena akawatembeza mwenyewe ukumbi mzima na kuwaahidi kumaliza mapema. Wakamwambia wanakuja Jumapili na wake zao, ila anayewakaribisha jukwaani awe yule binti mwenye adabu.

Walipoondoka akaniambia, "Umesikia. Jumapili uko jukwaani. Ila kwa wale wa Jumamosi jioni tafuta maneno mengine. Ukiwapa shikamoo watakimbia."

Kwa hiyo nimebaki, Mama. Furaha ninayo, na hofu pia, maana jukwaani hakuna mlango wa gari wa kujificha nyuma yake.

Nisalimie bibi, umwambie namwombea goti. Nisalimie kaka anayechunga na shangazi wa ng'ambo ya bonde. Mama mdogo anakusalimu sana.

Barua hii nampa kondakta wa basi la kesho. Njoo Jumapili, Mama. Bibi anaweza kubaki na kaka. Lakini nakuomba usikae viti vya mbele, nikikutazama nitasahau kila kitu. Kaa nyuma kabisa, nikipanda jukwaani upige kigelegele kimoja tu. Nitakijua.

Ni mimi mwanao,
Elipendo