Samaki wa Purity

Jumatatu, 5 Juni 2000

Samaki wamefika! Katoni kumi na nane, kwenye lori la Wainaina, kutoka ghala la barafu la Athi River. Wafadhili ndio wamelipa. Mwalimu Mkuu, Bwana Mutunga, alitia sahihi kwa furaha. Ng'ombe wa mwisho wa shule alianguka wiki jana. Maharagwe ni gunia moja tu. Kutoka hapa hadi Isinya mizoga imelala kando ya ua, na tai wameshiba hata hawaruki ukipita.

Nikafungua katoni ya kwanza. Nikaruka nyuma! Mimi Okoth, mpishi wa shule hii na mtu wa ziwa, niliyekula ngege, mbuta, kamongo, fulu na omena tangu niote meno – samaki wa namna hii sijawahi kumwona. Mrefu kuliko mguu wangu. Bapa. Anang'aa fedha tupu, hana hata gamba moja. Meno ya mbwa! Wainaina akacheka sana. Akasema watu wa pwani humwita mkanda.

Wasichana watatu walikuwa wanachungulia dirishani. Walipiga nduru wakatoroka. Dinah, matron wetu, ni Mmaasai wa Ngong, na ndiye aliyenitafsiria walichokuwa wanasema. Nyoka.

Jumanne, 6 Juni

Nilikaanga, nikaweka nyanya, nikaweka dania. Wasichana mia moja arobaini na wawili, na sahani zote zimerudi zimejaa. Nimeumia moyo. Kupika na kumwaga wakati huu wa njaa!

Si zote, hapana. Dinah alikula, akiwa amefumba macho. Halafu akasimama Purity wa darasa la tano, akala pia, polepole, akinitazama mimi badala ya sahani.

Huyu Purity ananinyima raha. Baba yake, Mzee Simel, alimrudisha shule mwezi uliopita kutoka kwao Ewuaso Kedong. Mkono wake naushika kwa vidole viwili na vidole vinakutana. Simel alikuwa na ng'ombe sitini, sasa ana wanne. Ndugu wawili wa Purity walizikwa mwezi wa pili. Siku ile ya kumleta, Simel hakwenda ofisini. Alikuja hapa jikoni moja kwa moja. Akaniambia, Okoth, huyu ndiye amebaki. Mlishe.

Nilimwambia nitamlisha. Sikufikiri mara mbili.

Alhamisi, 8 Juni

Njaa imeshinda. Leo wamekula wote! Wale wa darasa la nane wanajifanya hawapendi, lakini sufuria imekwanguliwa.

Nimekaa kwenye kiti changu nikiwachambua hawa mikanda, maana mtu wa ziwa hapiki asichokijua. Si samaki mmoja! Wengi wao hawana mkia kabisa. Mwili unaendelea kupungua, unapungua, hadi mwisho unabaki unywele. Hata hao hawafanani. Kuna wenye pezi la mgongo la manjano kidogo na mdomo mweusi kwa ndani, na kuna wenye pezi jeupe. Ladha ni ile ile. Miba mingi, nyama kavu, inafaa kukaangwa.

Halafu kuna wembamba zaidi, kichwa kimelala chini, na huko mwisho kabisa wana kamkia kadogo kenye panda – kadogo kama ukucha wa mtoto. Hao nyama yao ni laini. Ukiwageuza vibaya wanavunjika kwenye mafuta. Hao nawachemsha.

Na chini kabisa ya katoni tatu nimepata wengine tofauti. Weusi-weusi, wanene kama mkono wangu, mkia mzima wenye panda kubwa. Wako tisa tu. Nimewaweka kando kwanza.

Jumapili, 11 Juni

Yawa! Wale weusi! Nimekata mmoja leo baada ya ibada. Nyama nyeupe pe, na kisu kimetoka kinateleza. Nilipoweka kwenye karai sikuhitaji hata tone la mafuta. Alijikaanga mwenyewe.

Kwetu mbuta akivuliwa mnono hivi, tumbo lake haligawiwi ovyo. Linapewa mgonjwa. Linapewa mwanamke aliyejifungua. Mama yangu alinifufua kwa mafuta ya mbuta nilipougua surua, hadithi hiyo aliisema hadi akachoka. Kwa hivyo sikuwa na haja ya kumuuliza mtu. Hao tisa ni wa Purity, hakuna mwingine atakayeonja. Kipande kimoja mchana, kimoja jioni.

Amekula chote. Akalamba vidole! Amesema, Uncle, hii ni tamu kushinda nyama. Nimefurahi mpaka nikaimba nikiosha sufuria. Sauti yangu ni mbaya, mbwa wa askari wa langoni aliondoka.

Jumatano, 14 Juni

Stima imekatwa tena. Wanasema mabwawa yamekauka, kwa hivyo tutapata umeme siku moja, tutakosa mbili. Friza inavuja. Nimeanza kupaka chumvi wale wa kawaida.

Dinah amempima Purity kwenye mizani ya zahanati. Amepungua kilo moja. Amepungua! Nilimwambia mizani imeharibika. Akasema mizani iko sawa, amejipima mwenyewe na bado ni mnene vile vile.

Nimeongeza. Sasa vipande vitatu kwa siku, na supu.

Ijumaa, 16 Juni

Nimewabanika weusi waliobaki kwa moshi, kama kwetu. Kazi ya kutisha. Mafuta yalidondoka hadi moto ukaruka juu, nusura uchome nyusi zangu. Hata baada ya saa nne juu ya moshi bado wanateleza mkononi. Samaki gani hawa?

Nilimtupia mbwa wa askari matumbo yao. Leo asubuhi barazani kuna matone ya rangi ya chungwa, mafuta matupu, kila alipolala. Nikamlaumu Wainaina kwamba lori lake linamwaga oili. Lakini lori halijaja tangu wiki jana. Nimepangusa kwa jivu.

Jumatatu, 19 Juni

Siku mbaya. Mwalimu wa darasa la tano anasema Purity hataki kukaa kwenye dawati. Anasimama nyuma, ukutani, somo zima. Anasema mgongo unamuuma. Dinah naye amekasirika kwamba mtu anaiba maji ya tangi kufulia, na maji yenyewe ni debe moja kwa wasichana kumi. Alimkuta Purity ameshika ndoo. Amempa adhabu ya kufagia.

Mchana alikuja na sahani yake. Macho yameingia ndani. Midomo imepasuka. Akauliza kwa sauti ndogo, Uncle, naweza kosa kukula leo?

Nilikasirika. Nasema ukweli hapa, nilimfokea. Nilimwambia baba yake ametembea siku mbili kumleta, na mimi nimemtengea chakula ambacho hata Mwalimu Mkuu hapati, na atakula. Akainama akala. Alikula chote, machozi yanaanguka kwenye sahani. Aliponirudishia akasema asante.

Sijisikii vizuri. Lakini mtoto aliyekonda si hula?

Alhamisi, 22 Juni

Mzee Simel amekuja. Dinah ndiye aliyemwita, alipeleka neno na wafanyabiashara wa mbuzi wa Kiserian. Purity amepungua kilo nyingine mbili, na anaanguka akisimama ghafla. Nesi wa zahanati ametoa vidonge vya minyoo, akasema apumzike nyumbani wiki moja, mama yake amwangalie.

Simel alisimama mlangoni mwa jiko, shuka lake limejaa vumbi. Akanisalimu, Sopa, Okoth. Nikaitikia. Sikuweza kumtazama usoni. Niliahidi kumlisha, na namrudisha amekonda kuliko alivyokuja! Nilieleza sana. Nikamwambia shida si chakula, chakula cha mafuta alikipata kila siku, labda anasumbuliwa na minyoo kweli.

Nikaenda nikachukua ndoo. Nimeweka wote weusi niliobanika, samaki wanne wazima. Nikamwambia apewe asubuhi, mchana na jioni, hata akikataa. Mkazanieni.

Simel hajawahi kugusa samaki maishani mwake. Alipokea ndoo kwa mikono miwili, akakunja pua kidogo, kisha akacheka. Akasema kama mtoto wake amekula nyoka wangu na bado anaishi, basi mimi ni ndugu yake. Purity hakucheka. Alikuwa anaitazama ndoo. Wakaenda hadi barabarani kungoja pikapu ya watu wa mbuzi, yeye mbele, baba nyuma, ndoo katikati yao.

Jumamosi, 24 Juni

Niandike polepole.

Wainaina ameleta katoni nyingine saa nne asubuhi. Alianza kushusha, kisha akauliza kama nilipata weusi fulani kwenye mzigo wa kwanza. Nikasema ndiyo, na ndio watamu! Akaacha katoni chini.

Watu wa ghala wamemtuma aniambie niwatupe. Wale si mikanda. Waliingia kwa makosa wakati wa kupakia, kwa sababu ni warefu na giza la friza halioneshi rangi. Mkanda anajulikana kwa mkia – unywele, au kale kapanda kadogo. Mwenye mkia mpana na ngozi nyeusi ni wa ukoo mwingine. Mafuta yake mwili wa mtu hauwezi kuyasaga. Yanapita hivi hivi, yanatoka yenyewe, bila mtu kujua, rangi ya chungwa. Mtu mzima aliyeshiba anaaibika siku mbili, basi, yanaisha. Lakini mtoto mdogo akilishwa hayo siku baada ya siku, na hana maji ya kutosha mwilini, na alikuwa amekonda tayari, anakauka hadi anakufa. Wainaina anajua. Ana watoto.

Rangi ya chungwa! Nilikuwa nimeipangusa barazani kwa mikono yangu.

Nilikimbia kwa Dinah. Akanipeleka bwenini, akainua godoro la Purity. Lilikuwa limegeuzwa. Upande wa chini wote ni mabaka ya rangi ya chungwa. Ndiyo maana hakukaa kwenye dawati. Ndiyo maana aliiba maji. Msichana wa miaka kumi na mmoja, angemwambia nani? Angemwambia mpishi mwanamume ambaye anasimama juu yake na kijiko? Dinah alikalia kitanda akalia. Mimi nililia nje.

Siku kumi na moja nimemlisha. Mimi mwenyewe. Alipokonda nikaongeza.

Nikaenda kwa Bwana Mutunga. Nilimwomba gari twende Ewuaso Kedong leo leo. Akafunga mlango kwanza. Akasema pikapu ya shule haina mafuta hadi mwisho wa mwezi. Akasema nipunguze sauti. Wafadhili wakisikia samaki wao amedhuru mtoto, watasimamisha kila kitu, na hao wengine wote watakula nini? Na wazazi wakisikia tumelisha watoto sumu, Jumatatu hatutakuwa na shule. Nikamwambia si sumu. Akasema, basi kama si sumu, mbona unapiga kelele? Atapona tu. Ni tumbo.

Nilimwambia nitakwenda kwa miguu. Akaniambia nikitoka langoni bila ruhusa nisirudi.

Wainaina alinisikia nje. Ana mzigo wa kupeleka Machakos leo na kesho. Amesema Jumatatu asubuhi anapita hapa, atanipeleka hadi mlangoni kwa Simel, na Mutunga aseme atakalo. Nimemwamini.

Dinah akaniombea ruhusa ya kutoka, nikajaribu simu ya kibanda cha posta Isinya. Huko kwao Purity simu iko kwa chifu tu. Iliita hadi ikakatika. Mara tisa.

Jumapili, 25 Juni

Nimepiga simu tena tangu saa mbili. Haishikwi. Ni Jumapili, ofisi ya chifu imefungwa.

Nilitaka kuanza kutembea. Dinah akanishika shati, akasema nitafika kesho kutwa nikiwa nimekufa miguu, na lori litanipita njiani. Ni kweli. Nimechanganya maji ya chumvi na sukari kwenye chupa sita za soda, alivyonielekeza Dinah. Nimezifunga kwa gazeti.

Asubuhi, mchana na jioni. Hata akikataa. Maneno hayo niliyasema mimi.

Jumatatu, 26 Juni

Saa moja. Niko langoni, nimekaa kwenye jiwe, chupa ziko miguuni. Nguo zangu nimezifunga pia, maana sitarudi hapa kama Mutunga ni mtu wa neno lake. Wainaina bado. Kwa mbali upande wa Kitengela kuna vumbi, labda ni yeye.

Si yeye. Ni pikapu ya watu wa mbuzi. Imesimama. Anashuka mtu, shuka jekundu, anaaga dereva.

Ni Simel!

Peke yake. Ana ndoo yangu.

Anatabasamu. Sopa, ndugu yangu, anasema akiwa bado mbali. Nauliza Purity yuko vipi. Anaketi kando yangu kwanza, anavua kiatu, anakung'uta mchanga. Mkono wangu unaandika tu, sijui kwa nini, nadhani nikiacha kuandika nitaanguka.

Anasema, alikataa siku ya kwanza. Mama yake akamshika, yeye Simel akamlisha, kama nilivyosema. Siku ya pili hakukataa tena. Na tangu jana mchana hasumbui mtu, halii, haombi maji. Amelala tu, ametulia kabisa.

Ndoo ni tupu. Ameiosha njiani. Anaisukuma kwangu, anauliza kama nimebakisha wengine.