Sauti ya Mnyama wa Kelda

Blaine, Minnesota
Jumatatu, Februari

Wifi yangu mpendwa Haika,

Pokea salamu nyingi kutoka huku kwenye theluji. Natumaini barua hii inakukuta salama wewe na mtoto Ephrasia, na kwamba kile kikohozi chake kimeshapona. Shuleni unakofundisha kunaendeleaje? Na wazee wa Machame, hawajambo? Mimi mwili hauna neno, namshukuru Mungu. Masomo ya uuguzi yananikimbiza, na kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi wameniongezea zamu, lakini nala vizuri na nalala penye joto.

Najua utashangaa kuona nimekuandikia maneno mengi hivi kwenye simu badala ya kukupigia. Nimejaribu kurekodi ujumbe wa sauti mara kadhaa. Kila nikifika mahali fulani nashindwa, nafuta. Nakuomba kitu kimoja tu, wifi: usikimbilie mwisho. Soma kwa mfuatano kama mambo yalivyonipata, maana ukianzia mwisho utadhani nimechanganyikiwa. Hata mimi nilidhani hivyo.

Unakumbuka siku ile kwenye uwanja wa ndege uliponishika mkono ukaniomba nimtafute mumeo, kaka yangu Naftali. Ulisema hata nikimkuta na mwanamke mwingine nikuambie ukweli tu, kwa sababu ukimya wake ulikuwa umekuchosha kuliko ubaya wowote. Nilipofika niliuliza kanisani na kwa watu wetu wote wa Kisii walioko huku. Waliniambia aliaga kwamba anahamia Texas, na tangu hapo hakuna aliyemsikia. Nikakuandikia hivyo. Nawe ukanijibu kwa neno moja: “Asante.”

Sasa, mimi naishi kwa dada mmoja anayeitwa Maureen, Mluhya wa Kakamega, nesi, mwenye mabinti wawili wanaosikia Kiswahili vizuri lakini wanakujibu kwa Kiingereza. Jumapili tukitoka kanisani tunapika, halafu tunashuka chumba cha chini kutazama televisheni. Msimu huu wa baridi ilianza tamthilia mpya inayoitwa Kelda. Kelda ni sayari ya barafu. Kuna wachimbaji na daktari wao wanaoishi kwenye kituo kule, na chini ya barafu kuna mnyama. Hujawahi kumwona. Unamsikia tu, sauti inapanda kwenye mabomba ya hewa, na kila anayeisikia kwa karibu haonekani tena.

Unanijua mimi na mambo ya anga. Sehemu ya kwanza niliifurahia mno. Nilimgombeza yule kapteni wao kama vile ananisikia, nikamwambia usifungue huo mlango, wewe mtu mzima huna akili? Akaufungua. Maureen akarusha mto, mabinti wakajifunika blanketi, mimi nikacheka mpaka machozi. Tulikubaliana kwamba daktari ndiye pekee mwenye kichwa, na nikaapa kwamba wakimuua yeye sitatazama tena.

Sehemu ya pili daktari alikuwa peke yake karibu na bomba. Taa zikafifia. Ule mlio ukaanza kupanda, mzito, wa kukwaruza, kama mtu anayeburuta bati juu ya mawe. Mabinti wakaziba masikio. Na mimi, Haika, nikasikia mnyama akisema: “Bwakire.”

Hiyo ni salamu ya asubuhi kwetu. Ndivyo mama mkwe wako anavyokuamkia ukienda Kisii.

Niliwatazama wenzangu. Hakuna aliyeshtuka zaidi ya kawaida. Nikajiambia masikio yamenidanganya, mtu akiwa mbali na kwao husikia lugha yake hata kwenye mashine ya kufulia. Lakini sikucheka tena siku ile.

Sehemu ya tatu ndiyo iliyonivunja. Kapteni alikuwa anatambaa kwenye shimo la barafu, anahema, na sauti ikamjia kutoka pande zote. Kwa wengine ilikuwa ngurumo tu. Mimi nikasikia kila neno kwa Kikisii, polepole: “Kemunto, shuka kwenye mparachichi, mama anakuja.” Halafu mnyama akacheka.

Nilikuwa na miaka saba. Mparachichi ule ulikuwa nyuma ya jiko, nilikatazwa kuupanda, na aliyekuwa akinipigia mbinja za kunionya ni mtu mmoja tu. Ile sauti, pamoja na kukwaruza kwake kote, ilikuwa yake. Ilikuwa sauti ya Naftali.

Nilikimbilia bafuni nikatapika. Maureen akanifuata, akanishika paji la uso. Nilimweleza. Akaniambia kwa upole kwamba nimefanya zamu nyingi, silali vya kutosha, na kwamba ugonjwa wa akili unampata yeyote na si aibu. Alikuwa ananipenda, lakini maneno yake yalinitisha kuliko yule mnyama. Wiki ile nilikuwa mtu wa kuogopa kila kitu. Mzee mmoja kazini akikohoa, nashtuka. Mitambo ya joto ikianza kuunguruma ukutani, nasimama nikisubiri iniite jina. Na chini ya woga wote huo kulikuwa na mmoja ambao sikuthubutu kuutamka: kwamba kaka yangu amekufa, na hivi ndivyo wafu wanavyotuita.

Jumapili iliyofuata nilimwomba mzee Jeremiah aje kula nasi. Ni mzee wa kanisa letu, Mkisii wa Nyamira, dereva wa malori, mtu asiyependa mambo ya kufikirika. Sikumwambia kitu. Nilitaka tu kuona uso wake. Akaketi na sahani yake ya kuku mapajani, akiuliza kwa nini watu hawa wasirudi kwao kama kuna baridi hivyo.

Halafu mnyama akamfikia daktari. Daktari yule tuliyempenda! Mabinti wakapiga mayowe. Mimi sikuitazama skrini. Nilimtazama Jeremiah, na nikaona kijiko kikisimama hewani. Alivua kofia yake.

“Zima hiyo kitu,” akasema.

Maureen akamuuliza amesikia nini. Mzee akaweka sahani chini. Akasema huyo ni mtoto wetu anayezungumza, si mnyama. Anasema, “Mama, usiuze ng'ombe kwa ajili yangu.” Akanigeukia akaniuliza kama ninamfahamu. Nilipomjibu kwamba ni kaka yangu, akanishika mabega yote mawili, na Maureen akaanza kulia akiniomba msamaha. Nilikuwa mzima wa akili, Haika. Ungedhani ningefurahi. Niliogopa zaidi, maana sasa sauti ilikuwa ya kweli.

Jeremiah ndiye aliyesema kwamba sauti haiingii kwenye televisheni yenyewe, lazima kuna mtu aliyeirekodi. Tuliuliza huku na huko, tukampata mwanamke aliyetengeneza sauti za tamthilia ile, anaitwa Rachelle, na studio yake iko hapa hapa Minneapolis, kwenye jengo la zamani lililokuwa ghala. Tulimwandikia, akatuita siku ile ile.

Mimi na Jeremiah tulikwenda. Rachelle ni Mzungu mwembamba, mwenye haya. Alituambia kwamba miaka miwili na kitu iliyopita alipanda teksi, na dereva alikuwa akizungumza kwenye simu kwa lugha asiyoijua, kwa sauti iliyokwaruza ajabu. Alikuwa anatafuta sauti ya mnyama wake kwa muda mrefu. Akamwomba dereva aje studio kwa malipo. Naftali alikuja, akauliza aseme nini. Rachelle akamwambia aseme chochote, kwani ataichanganya na mlio wa barafu na vyuma na hakuna atakayeelewa.

Nikamuuliza kwa nini sauti ilikwaruza. Akainamisha kichwa. Naftali alikuwa na kansa ya koo, na alikuwa anangoja kufanyiwa upasuaji. Ndiyo maana alizungumza mchana kutwa bila kutaka kupumzika, na kesho yake akarudi akaomba azungumze tena, bila malipo. Rachelle alisema hakuelewa hata neno, lakini alikumbuka mtu yule alivyofumba macho alipokuwa akisema.

Nilimuuliza kama kaka yangu yuko hai. Akasema hajui, namba yake haipatikani tena. Alichokumbuka ni kwamba Naftali alitaja kwamba akipona atafanya kazi kwenye hoteli fulani Bloomington, karibu na uwanja wa ndege, kazi isiyohitaji kuongea.

Wifi, sijawahi kuogopa njia kama ile ya kwenda Bloomington. Jeremiah ndiye aliyekuwa anaendesha gari. Niliomba taa za barabarani zote ziwe nyekundu. Mpaka tunafika sikuwa nimekubali kuambiwa kwamba amekufa, na nilitaka kubaki hivyo kidogo zaidi. Tulizunguka nyuma ya hoteli, mlango wa dobi, mvuke ukitoka. Kulikuwa na mtu amesimama anakunja mashuka, amekonda, na kitambaa cheupe kimefungwa shingoni. Aligeuka. Alinitazama, mdomo ukafunguka kuniita, na hapakutoka kitu.

Ni yeye, Haika. Naftali yuko hai. Hana mwanamke, hajaenda Texas, hajakusahau. Walimtoa sehemu ya koo inayotengeneza sauti, na sasa anapumulia tundu dogo shingoni. Aliishi mwendo wa nusu saa kutoka kwangu muda wote huu.

Nilimkumbatia, halafu nikampiga kifuani kwa ngumi, na sioni haya kukuambia. Nilimuuliza kama vidole navyo vilikatwa, hata ashindwe kukuandikia. Alichukua simu akaandika, akanipa nisome. Alisema kwamba angekuambia, ungeuza kila kitu na kukopa ili uje, na mama angeuza ng'ombe, na mwisho wake mngebaki maskini na yeye afe vilevile. Akaona heri mumkasirikie. Halafu kila mwezi uliopita ulifanya kuandika kuwe kugumu zaidi. Nilimwambia huo ni ujinga. Akatikisa kichwa kukubali.

Jana ilikuwa sehemu ya mwisho ya Kelda. Nilimleta Naftali hapa Blaine, akaketi kwenye kochi kati yangu na Jeremiah. Alikuwa hajawahi kuitazama, na hakujua maneno yake yapi yametumika. Wachimbaji waliobaki walikuwa wamemzingira mnyama, barafu inapasuka, na mimi nilikuwa nimeushika mkono wa kaka yangu, unatoka jasho. Mnyama akaanza kufa. Akasema kitu cha mwisho, na safari hii hakusema Kikisii.

Binti mdogo wa Maureen aliruka wima. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue alisema kwa Kiswahili: “Mama, ninamwelewa!”

Wote tulimwelewa. Alisema: “Haika, nikikosa sauti, usidhani nimekosa la kukuambia.”

Maureen alizima televisheni kabla majina ya waigizaji hayajaisha kupita. Naftali alikuwa ametazama sakafu, mabega yakimtikisika, na kulia kwake hakuna mlio, wifi. Ni pumzi tu zinazotoka shingoni. Hilo nakuambia mapema ili usije ukaogopa kama nilivyoogopa mimi.

Ukweli uliouomba ndio huo, na sitaki kukuficha kilichobaki. Mwezi ujao madaktari watampima tena. Kuna kitu wamekiona ambacho hawajakielewa, na huenda si chochote. Mimi nina woga, na yeye ana woga, ingawa anajifanya anacheka. Rachelle ametupa sauti yake yote safi, bila ngurumo wala barafu. Ni ndefu, na nyingi ni ya Kiswahili, kwa hiyo nadhani nyingi ni yako. Sijaisikiliza. Naftali ameomba isitumwe mpaka wewe mwenyewe useme unaitaka.

Mama bado hajui. Nimeona wewe uwe wa kwanza, na mtashauriana jinsi ya kumwambia. Nisalimie wazee wa Machame, na shangazi zako wote. Ephrasia mbusu kwa niaba yangu, ila usimwambie hadi uwe umetulia. Maureen anakusalimu ingawa hamjuani, na mzee Jeremiah anasema anawaombea.

Namba mpya ya Naftali nimeituma pamoja na barua hii. Leo ni siku yake ya mapumziko, yuko hapa mezani ninapoandika, na simu ameiweka mbele yake. Mpigie. Ikipokelewa na ukasikia kimya, usikate. Anza kuongea. Huyo ni yeye.

Ni mimi wifi yako akupendaye,
Kemunto