Usiseme Shamba Si Lako

Kendi mjukuu wangu,

Salamu nyingi kutoka Kanyakine. Babu yako, Guka, anakusalimu, kikohozi chake kimepungua. Mama yako anakusalimu, na yule ng'ombe wake mweusi amezaa salama.

Umeniuliza kama unyamaze, usiwaambie watu wa kodi wa huko Amerika kuhusu shamba la kahawa tulilokupa. Tangu siku hiyo silali vizuri. Naogopa watu wa kodi watakushika kwa sababu ya zawadi yetu.

Lakini nikiwa msichana, wapimaji wa ardhi walikuja hapa. Wakamwuliza baba yangu, "Mzee, hili shamba la kando ya mto ni la nani?" Baba aliogopa kodi. Akasema, "Mimi simjui mwenye shamba." Mama akamvuta koti, lakini baba akarudia, "Si langu." Jirani akasema ni lake, wakamwandika yeye kuwa mwenye shamba. Miaka yote baba alipita hapo akiangalia migomba aliyopanda mwenyewe, na hakuweza kukata hata mkungu mmoja.

Mimi sijui sheria za huko. Tafuta mtu anayezijua, umwambie yote, hata kama unaogopa. Halafu nipigie haraka uniambie amesema nini. Simu nalala nayo mkononi.

Bibi yako, Cucu